Punje Si Greni: Maoni juu ya Rasimu ya Istilahi za Kujaza Risasi za Bunduki za Uwindaji

Miongoni mwa rasimu zilizofika mezani petu ili zichunguzwe kabla ya kusanifiwa ni tafsiri ya mwongozo unaoeleza namna ya kutayarisha risasi kwa mkono, moja moja, hasa risasi za bunduki kubwa zinazotumiwa kwa nyati na tembo. Wanaokusudiwa ni wawindaji na maafisa wa wanyamapori wenye leseni ya kazi hiyo, maana kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Mfasiri hatumtaji. Ni mtu mwenye Kiswahili kizuri, na sehemu za utangulizi wake zinasomeka kwa raha kuliko tafsiri nyingi tulizowahi kuletewa. Lakini rasimu hii ina makosa ya aina isiyovumilika: makosa yanayoweza kumpasukia msomaji usoni.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza, Baraza lina shughuli gani na baruti? Jibu letu ni kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maneno ya fani kama hii hayabaki tena vinywani mwa mafundi. Yanaingia katika vibali, katika hati za mashtaka na katika ushahidi. Hakimu atakayeuliza kama mshtakiwa alikutwa na risasi au na maganda matupu atahitaji maneno mawili yasiyogongana.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Mfasiri ameiita risasi iliyotayarishwa kwa mkono "mzigo wa mkono". Ni dhahiri kwamba alitazama neno la Kiingereza lenye maana ya mzigo, akaridhika na maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Kwetu sisi mzigo wa mkono ni kile kifurushi anachoruhusiwa abiria kupanda nacho katika boti ya Unguja. Anayesoma kwamba mwindaji "alifyatua mzigo wa mkono" atacheka, na ni heri acheke, kwa sababu kosa linalochekesha hugunduliwa mapema. Yanayotutisha zaidi ni yale yasiyochekesha.

Kosa kubwa kupita yote limo katika neno "punje". Fani hii imerithi kwa Waingereza kipimo kidogo cha uzito kinachotumika kupimia baruti na vichwa vya risasi. Vipimo 7,000 vya namna hiyo hufanya ratili moja ya Kiingereza, na kimoja ni sawa na miligramu 64.8. Kwa Kiingereza jina la kipimo hicho ni lile lile la punje ya nafaka, na mfasiri ameandika "punje" kila mahali. Kwa mtazamo wa juu juu hakuna ubaya. Lakini baruti ya kisasa nayo ni chembechembe: nyingine kama vijiti vifupi, nyingine kama vidonge vya duara, nyingine kama vigamba. Kila chembe katika hizo Mswahili ataiita punje, na atakuwa na haki. Mwongozo wenyewe unazungumzia maumbo ya punje katika sura ya pili na uzito wa baruti katika sura ya nne, na tafsiri inatumia neno moja kwa yote mawili.

Sasa tuone litakalotokea. Kazi ya kutafuta kiasi kinachofaa kwa bunduki fulani huanzia chini. Mjazaji huanza na uzito mdogo kuliko ule wa juu ulioandikwa katika jedwali, hujaza risasi chache, huzifyatua, kisha huongeza kidogo kidogo huku akitazama dalili. Kama komeo la bunduki linakuwa zito kufunguka, kama fataki imebapazwa, kama ganda limeonesha ufa au alama ya kung'aa kitakoni, mwongozo unamwamuru arudi nyuma. Tafsiri inasema: "ukiona dalili hizi, punguza punje chache." Msomaji mtiifu atachukua kibano, atatoa vijiti vitano au sita vya baruti, atafunga risasi yake na kurudi uwanjani akiwa na moyo mkunjufu. Hajapunguza kitu. Vijiti sita havifikii hata kipimo kimoja cha yale makusudio ya mwandishi. Bunduki iliyokwisha kumwonya mara moja haitamwonya tena kwa upole.

Aidha, katika majedwali mfasiri amehifadhi ufupisho wa Kiingereza, "gr", na chini ya ukurasa akaongeza maelezo kwamba vipimo vyote ni vya "uzito wa gramu au punje". Gramu moja ni zaidi ya mara 15 ya kipimo hiki. Kweli, katika ganda refu la bunduki ya nyati kosa hilo lingejifichua lenyewe, kwa kuwa baruti ingemwagika mezani kabla ya nusu ya kazi; lakini majedwali haya yana tabia ya kunakiliwa na kupelekwa kwa watu wengine wenye shughuli nyingine. Pendekezo letu ni "greni", neno la kukopa lisilobeba maana nyingine katika Kiswahili, lifupishwe "grn", na kila jedwali liwe na safu ya pili ya gramu. Kichwa cha risasi cha greni 300 kitaandikwa kuwa ni gramu 19.4. Wale wenzetu wanaopinga mikopo watuwie radhi. Masonara wa Mji Mkongwe wamepima dhahabu kwa tola vizazi kwa vizazi, na tola ni greni 180 kamili, wala hatujasikia mtu aliyelalamika kwamba tola imeuharibu Uswahili.

Tulipofika hapo tuliona haitoshi kukaa ofisini na kamusi. Tulikwenda Fumba, kule kwenye ncha ya kusini magharibi ya Unguja, tukakaa na wazee watatu barazani mchana kutwa. Hatukwenda kwa sababu watu wa Fumba wanawinda nyati! Nchi yao ni ya maweni na uwanda, na mnyama anayewasumbua ni nguruwe anayefukua mihogo. Msasi wa huko hutoka na mbwa, mkuki na wavu. (Nao husema "msasi", kutokana na kusaka, "mwindaji" kwao lina harufu ya shule.) Tulikwenda kwa sababu maneno ya bunduki ya kushindilia bado yamo vinywani mwa wale waliosikia baba zao wakiitaja, na fani ya kujaza risasi kwa mkono, ukiitazama vizuri, ni binamu wa ile bunduki ya zamani. Mwenye gobore alikuwa mjazaji siku zote. Hakuwa na risasi ya dukani. Alikuwa na baruti, risasi, fataki na mdeki, na alijua kwamba uhai wake umo katika kile kiganja kilichopima.

Walitutajia bila kusita: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe, bunduki ya fataki, na mwishowe bunduki ya viasi. Mmoja wao alipotamka hilo la mwisho tulitazamana. Johnson aliliingiza katika kamusi yake ya 1939: kiasi, wingi wake viasi, ni risasi kamili yenye ganda lake. Waliolibuni walikuwa na akili sana. Ganda la shaba lililokuja tayari kutoka Ulaya lilikuwa limebeba kile ambacho wao walikuwa wakipima kwa mkono, yaani kiasi cha baruti kilichokwisha kupimwa, na wakakiita kwa jina la kipimo chake. Mfasiri wetu hakulijua neno hili, au alilijua akaliona limechakaa.

Je, tulirudishe? Katika ofisi yetu maoni yaligawanyika. Wapo waliotaka "kiasi" liwe ndiyo istilahi ya risasi kamili. Sisi hatukubaliani nao, ingawa moyo unapenda. Leo kiasi ni neno la kila siku la idadi na gharama, na sentensi kama "pima kiasi cha kiasi" haitastahimilika hata kwa mwalimu mwenye subira. Lakini tunaona kwamba neno hilo linafaa kabisa mahali pale pale lilipozaliwa, yaani kwa ule uzito wa baruti uliopimwa na kutiwa katika ganda moja. Hicho ndicho mfasiri alichokiita "mzigo". Basi "kiasi cha greni 70" kitakuwa kiasi cha baruti tu, na kazi nzima ya kupanda kidogo kidogo ili kupata kipimo kinachoafikiana na bunduki tunaiita "kutafuta kiasi". Wazee wa Fumba walilielewa hilo bila ya kuelezwa, na kwetu huo ni ushahidi unaozidi kura za kamati.

Neno "risasi" ndilo gumu kuliko yote. Limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya madini, ile risasi nyeusi inayoyeyushwa kwa moto mdogo. Kutoka madini likawa jina la tonge linalorushwa na bunduki, na kutoka tonge likawa jina la kitu kizima pamoja na ganda. Zamani maana hizi hazikugongana, kwa kuwa vitu vyenyewe vilitengana. Mkataba uliotiwa sahihi mwezi Septemba 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, kupitia mjumbe wao Edmund Roberts, uliwaachia Wamarekani biashara huru isipokuwa katika vitu vitatu ambavyo katika kisiwa cha Unguja viliweza kuuzwa kwa serikali peke yake: bunduki, baruti na risasi. Hapo risasi ni tonge tu, na baruti ni bidhaa nyingine ndani ya pipa lake. Leo askari akisema "risasi 20 zimekamatwa" anamaanisha vitu vizima, na akisema "risasi ilitokea mgongoni" anamaanisha tonge, na hakuna anayemwelewa vibaya.

Katika jedwali la ujazaji, hata hivyo, ataeleweka vibaya. Rasimu ina safu yenye kichwa "uzito wa risasi". Mwongozo ulikusudia tonge. Msomaji anaweza kuweka risasi nzima juu ya mizani, akaona uzito umezidi, akadhani ana risasi nzito kuliko jedwali linavyosema, akaenda safu nyingine yenye kiasi kingine. Tunapendekeza "risasi" ibaki kwa kitu kizima, kama sheria na polisi wanavyoitumia. Tonge liitwe "kichwa cha risasi", kama linavyosikika tayari katika taarifa za matukio. Na "ganda" libaki ganda. Istilahi ya maneno matatu si pambo, lakini tunaipendelea kuliko neno zuri linalodanganya. Tena vichwa vingi vya siku hizi havina risasi ndani yake. Vimechongwa kwa shaba tupu, ili visitawanyike katika mfupa wa nyati wala visiache sumu katika nyama. "Risasi ya shaba isiyo na risasi" ni sentensi sahihi ya Kiswahili, lakini tusingependa kuifundisha darasani.

Kwa "fataki" mfasiri ameogopa. Mahali pake ameweka "kiwashio". Sababu twaielewa: tangu ile kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, fataki ni mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, na mwalimu akilitamka darasani vijana wataangua kicheko. Lakini kile kikombe kidogo cha shaba kitakoni mwa ganda, kinachogongwa na msumari wa bunduki kikalipuka, ndicho kile kile kilichogongwa katika bunduki ya fataki. Kimepunguka umbo tu na kuhamia ndani. Ni nadra kupata dhana ya kisasa yenye jina la Kiswahili lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, nasi tulitupe kwa sababu ya kicheko? La hasha.

"Kushindilia" ni hadithi nyingine. Hapa mfasiri amechukua neno zuri la kale akaliweka mahali pabaya. Kwake kila kitendo cha kutia baruti ni kushindilia: "shindilia greni kadhaa, kisha weka kichwa." Katika gobore ndivyo ilivyo. Baruti hutiwa mdomoni mwa mtutu, hufuatwa na kizibo, na mdeki huishindilia mpaka ikae imara. Katika ganda la leo, kazi ya kawaida ni kutia, si kushindilia; na pale baruti inaposhindiliwa kwa kichwa cha risasi kinachoingia, hilo ni jambo la pekee lenye hatari zake, linalohitaji jina lake. Mfano wake unajulikana sana katika historia ya uwindaji wa Afrika. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458, yenye kipenyo cha milimita 11.6, ikitaka kufanya kazi ya bunduki kubwa za Kiingereza kwa ganda fupi. Ganda hilo halikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo baruti ilishindiliwa, na katika miaka iliyofuata wawindaji walilalamika kwamba baruti iliyokaa hali imebanwa iligeuka donge na haikuungua sawasawa. Mbele ya nyati, risasi inayotoka nusu nguvu ni sawa na kutokuwa na risasi. Mwaka 1959, huko Msumbiji, nyati alimjeruhi Mmarekani Jack Lott, naye baadaye akabuni risasi ya kipenyo hicho hicho yenye ganda refu zaidi. Mfasiri akishatumia "kushindilia" kwa kila kitu, atayaelezaje hayo? Tunashauri: "kushamiri" kwa kuiweka bunduki tayari, "kujaza" kwa kazi yote ya kutengeneza risasi, "kutia" kwa baruti, na "kushindilia" pale tu baruti inapobanwa.

Hapa ndipo ulazima wa kuitenga baruti na baruti. Wazee walitueleza kwamba mapishi ya baruti ya zamani ni shura, kiberiti na makaa, na ndivyo ilivyo dunia nzima. Ile ya kisasa haina hata kimoja kati ya hivyo. Hutokana na pamba au nyuzi za mti zilizotiwa asidi, nayo huungua bila moshi mwingi na kwa nguvu nyingi mara kadhaa kwa uzito ule ule. Rasimu inasema "baruti" tu kwa zote mbili. Mwenye gobore aliyezoea kupima kwa kibaba chake akaambiwa "tia baruti", naye akatia ile mpya kwa kibaba kile kile, mtutu utapasuka. Hapa hatukubali ufupi wa aina yoyote. Iandikwe "baruti nyeusi" na "baruti isiyo na moshi" kila mara, hata kama neno litarudiwa mara kumi katika ukurasa mmoja. Uzuri wa mtindo ungojee.

Kuhusu ukubwa wa bunduki, mfasiri anaandika "bunduki kubwa" kila anapokuta neno la Kilatini "magnum". Kweli Kilatini hicho maana yake ni kikubwa, na Waingereza walilichukua kutoka chupa kubwa za mvinyo. Lakini katika fani hii halisemi lolote juu ya upana wa mtutu. Linaeleza kwamba ganda lina baruti nyingi kuliko ilivyozoeleka kwa kipenyo chake. Risasi ya .577 ya Kiingereza, yenye karibu milimita 15, haiitwi magnum. Ile ya milimita 7 iliyotolewa na Remington mwaka 1962 inaitwa. Ile ya Holland & Holland ya mwaka 1912, .375, ambayo imekuwa kama kipimo cha chini cha kuwindia wanyama wa hatari katika sehemu nyingi za Afrika, inaitwa magnum na kipenyo chake ni milimita 9.5 tu. Tumependekeza "magnamu" kwa tahajia yetu, pamoja na fasili, wala tusijaribu kulifasiri.

Neno "kaliba" tunalikubali, kwa furaha ya pekee. Wengi hulisikia leo wakisifu watu, "mchezaji wa kaliba yake", na hudhani ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Wanaisimu wengi hulipeleka neno la Kizungu kwenye Kiarabu, katika neno la kalibu ya kumiminia madini. Na kalibu tunayo sisi, iliyotufikia kwa jahazi bila kupitia Ulaya. Basi neno moja limefika pwani mara mbili kwa njia mbili: kalibu ni ya kumiminia kichwa, kaliba ni kipenyo chake. Mfasiri angepaswa tu kuongeza kwamba kaliba hukua pamoja na tarakimu, ilhali "namba" ya bunduki za marisau huenda kinyume, kwa kuwa ni hesabu ya matonge ya duara yatokayo katika ratili moja ya risasi. Bunduki ya namba 4 hurusha tonge la robo ratili. Ya namba 12 ni nyembamba kuliko hiyo. Rasimu imegeuza hilo mara mbili, ukurasa wa kumi na tisa na wa sitini.

Mengineyo ni madogo. "Msukumo" uachwe, na "kanieneo" itumike, maana vijana wameizoea katika fizikia. "Teke la bunduki" ni zuri, libaki. Sura ya joto inahitaji kufasiriwa upya yote, kwa kuwa inasema baruti "huharibika" juani, wakati mwandishi alisema kwamba joto huongeza kanieneo, na kwamba kiasi kilichotafutwa asubuhi ya baridi huko Ulaya huweza kuwa kikali mno Rufiji saa nane mchana.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipata. Ni ile nafasi ndogo, isiyozidi unene wa karatasi, iliyopo kati ya kitako cha ganda na uso wa komeo bunduki ikishafungwa. Ikizidi, ganda hukatika. Ikikosekana, komeo halifungi. Magnamu nyingi zimevishwa mkanda kitakoni kwa ajili yake. Rasimu imeandika "nafasi ya kichwa", na kwa kuwa kichwa tumekwisha kukipa kazi nyingine, haifai. Ofisini kumetajwa "mwanya wa komeo" na "pengo la kitako". Mzee mmoja wa Fumba, ambaye ujanani alikuwa fundi wa mashua, alitusikiliza, akaweka vidole viwili pamoja, akasema kwamba wao nafasi kama hiyo kati ya mbao na mbao huiachia pamba. Wasomaji wenye neno watuletee kabla kamati ya istilahi haijakutana.